Mfuko wa michezo wa binti yako: usinunue na macho



Sisi wa Sakania tunajua mizigo. Reli ilifika hapa mwaka 1909 ikitoka upande wa kusini, kabla haijafika Lubumbashi mwaka 1910. Tangu wakati ule mji wetu haujaacha kuona vitu vikipita: shaba ikitoka, unga ukiingia, malori yakisubiri mpakani. Mama wa hapa akifunga mzigo wa kwenda Ndola au wa kurudi, hakuna mtu wa kumfundisha. Anajua kitu kizito kinakaa chini, kitu cha kuvunjika kinakaa katikati ya nguo, na makuta yanakaa mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Lakini siku ya kununua mfuko wa mtoto, ile akili yote tunaiacha nyumbani. Tunaangalia rangi. Tunaangalia picha iliyochorwa mbele. Mtoto analia anataka ule unaong'aa, muuzaji anapunguza kidogo, tunalipa na tunaenda. Mwezi haujaisha, mkanda umekatika.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mfuko mdogo kuliko yote: ule mtoto anabebea vitu vya michezo siku ya jimnastiki. Ninajua mtasema: "Mwalimu, kuna shida kubwa kuliko hiyo. Kuna unga, kuna kodi ya nyumba." Mimi pia nilikuwa ninafikiri hivyo, mpaka mwaka jana.

Kosa langu mimi mwenyewe

Mwaka jana nilikuwa ninafundisha watoto wa mwaka wa sita wa msingi. Katika darasa langu kulikuwa na binti mmoja, jina lake nitaliweka moyoni. Alikuwa mwepesi kama swala. Saa ya mapumziko, wasichana wakipanga mistari miwili ya nzango uwanjani, kila upande ulikuwa unamtaka yeye. Akiruka, akipiga makofi, akitoa mguu, wenzake walikuwa wanashangilia hata kabla mchezo haujaamuliwa.

Basi, baada ya sikukuu za Noeli, yule binti akaanza kuugua kila Alhamisi. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yetu ya jimnastiki. Juma moja: "Madamu, kichwa inaniuma." Juma lingine: "Madamu, tumbo." Juma la tatu alisema mguu, lakini saa ya kutoka nilimwona akikimbia barabarani vizuri kabisa. Nikakasirika. Nikaandika katika daftari langu neno moja: mvivu. Nikampa alama ndogo, tena nikamsema mbele ya wengine.

Alhamisi moja nilirudi darasani kuchukua filimbi niliyoisahau. Nikamkuta amekaa peke yake, vitu vyake viko juu ya magoti. Vilikuwa katika sakoshi ya plastiki, ile nyeupe ambayo mtu anaona ndani yote. Ndani kulikuwa na kaptura, tisheti, viatu vya kamba, na vipande vya kitambaa vilivyokunjwa vizuri. Hapo nikaelewa, na ninyi mmekwisha kuelewa.

Nikakaa karibu naye. Kwanza alinyamaza, halafu akasema polepole: "Madamu, kila mtu anaona." Wavulana walikuwa wameona vile vitambaa, wakaanza kuuliza kwa sauti ni vya nini. Mmoja akaichukua ile sakoshi akaipitisha kwa mwingine. Kila Alhamisi tangu siku ile mtoto alikuwa anaishika sakoshi yake kifuani asubuhi yote, na saa ya kwenda uwanjani hakuwa na mahali pa kuiacha. Aliona ni heri aitwe mvivu.

Wamama wapenzi, nimesoma ualimu, nimeweka miaka mingi mbele ya ubao, lakini hapo nilikosea. Niliangalia mtoto, sikuangalia mfuko. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lilelile ambalo lilisikia nikimsema, na ile alama nikaifuta. Sikueleza sababu, kwa kuwa sababu ilikuwa yake.

Jioni nilienda kumwona mama yake. Ni mama mchuuzi, anavuka mpaka kabla ya jua kutoka na kurudi giza likiingia. Hakukasirika. Aliingia ndani akatoka na sakado moja nzuri ya rangi ya waridi, yenye picha ya mtoto wa mfalme. Aliinunua mwezi wa tisa. Mkanda mmoja ulikatika mwezi wa kumi, zipu ikafa mwezi wa kumi na moja. Akaniambia: "Madamu, hii saki nilinunua na macho. Mikono yangu haikuigusa."

Sijasahau neno lile. Haya ninayoandika chini ni ya kutusaidia tuache kununua na macho.

Anza na vitu, si na mfuko

Kabla ya kwenda sokoni, tandika mkeka. Mwambie mtoto aweke juu yake kila kitu anachohitaji siku ya michezo. Kwa wengi wetu vitakuwa hivi: kaptura au pantaloni ya kukimbilia, tisheti, viatu vya michezo au raba, kitambaa cha kujifuta jasho, chupa ya maji na kipande kidogo cha sabuni. Kwa binti aliyeanza kukua, ongeza chupi moja ya akiba na pedi mbili, zile wengi wetu tunaziita Kotex, au vitambaa vyake vya hedhi.

Usisahau kitu kimoja. Watoto wetu wanavaa nguo nyeupe na bluu. Akimaliza kukimbia, anavua nguo za michezo zenye vumbi na jasho, anavaa tena shati jeupe. Maana yake mfuko huu unaenda na nguo safi na unarudi na nguo chafu, na saa nyingine vyote viwili vinakaa humo pamoja. Mfuko wenye chumba kimoja tu utarudisha shati jeupe likiwa na alama ya kiatu.

Sasa angalia ule mzigo mdogo juu ya mkeka. Huo ndio unakuambia mfuko uwe na ukubwa gani. Ukienda sokoni, beba viatu vya mtoto mkononi. Kiatu kisipoingia, mfuko si wake, hata kama muuzaji anakuapia.

Vyumba vitatu

Mimi ninatafuta mfuko wenye vyumba vitatu, au ambao ninaweza kuuongezea vyumba kwa sindano.

Chumba cha kwanza ni cha nguo. Hicho ndicho kikubwa.

Chumba cha pili ni cha viatu. Mwezi wa tisa na wa kumi viatu vinarudi na vumbi jekundu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, mvua ikikaza, vinarudi na matope. Kama mfuko hauna chumba cha viatu, chukua kipande cha saki tupu la unga, lile la nailoni iliyosukwa. Lisafishe kwa sabuni, likauke vizuri, kisha shona kifuko cha kuingia viatu viwili. Saki la kilo 25 linatoa vifuko vingi. Halitazuia maji yote, lakini matope litayashika.

Chumba cha tatu ni cha siri. Ni kifuko kidogo cha ndani, chenye kifungo au zipu, ambacho mtu akifungua mfuko mbele ya wengine hakioni. Humo binti anaweka mambo yake. Kama binti yako bado mdogo, mpe kifuko hicho leo, aweke kitana na kitambaa cha mkononi. Siku yake itakapofika atakuta mahali pamekwisha kutayarishwa, na hakuna mtu atakayeuliza kwa nini sasa ana kifuko.

Ukubwa na uzito

Wengi wetu tunanunua mfuko mkubwa tukisema mtoto atakua ndani yake, kama tunavyofanya na koti. Kwa mfuko haifai. Mfuko mkubwa unamwita mtoto aujaze. Tena ukining'inia chini ya kiuno, unamvuta nyuma, naye anatembea ameinama mbele kama mzee.

Waganga wa watoto wa Marekani wanashauri mzigo wa mgongoni usipite asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 30, basi, abebe kilo 3, na isipite 6. Kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja nzima. Ukiongeza vitabu, kaye na viatu, hesabu inafika upesi. Kwa hiyo siku ya michezo pangeni pamoja usiku: kaye za masomo ya kesho tu ndizo ziende, nyingine zibaki nyumbani.

Mikanda miwili ya mabegani ni bora kuliko mmoja. Mkanda mmoja unavuta bega moja kila siku. Ikiwa mfuko ni wa mkanda mmoja, mkanda upite kifuani kwenda upande wa pili, na mtoto abadilishe bega akienda na akirudi.

Sokoni: tumia mikono

Hapa Sakania tuna njia tatu za kupata mfuko: mpya wa dukani, wa salaula, au wa kushona. Neno salaula limetoka kwa ndugu zetu wa Kibemba, na maana yake ni kuchagua kwa kupekua rundo. Ni neno zuri. Linatuambia wazi kwamba kazi ni ya mikono.

Mimi kila mfuko ninaupitisha katika majaribio sita, uwe mpya au wa salaula.

La kwanza, mkanda. Shika mkanda kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine, vuta kwa nguvu mahali vinapokutana. Ukiona nyuzi zinafunguka kama meno, rudisha. Mkanda mzuri umeshonwa mara mbili au tatu, na mara nyingi mshono wake unafanya umbo la sanduku lenye msalaba katikati.

La pili, zipu. Ifungue na kuifunga mara kumi. Usione haya, hata muuzaji akikunja uso. Angalia hasa kwenye kona, maana zipu inafia pale. Zipu yenye meno makubwa inadumu kuliko ile nyembamba, na vumbi letu haliishindi upesi.

La tatu, chini ya mfuko. Hapo ndipo panapokaa viatu, na ndipo mtoto anapoburuza. Kama kitambaa cha chini ni kimoja na kile cha pembeni na ni chepesi, kitatoboka. Ukikipenda hata hivyo, ongeza kipande cha jini chini siku hiyohiyo ya kununua, usingoje tundu.

La nne, ndani. Geuza mfuko nje ndani. Sura nzuri iko nje, lakini kazi ya fundi inaonekana ndani. Ukiona kingo za kitambaa zinachanika nyuzi, ujue mshono utafunguka baada ya kufuliwa mara mbili.

La tano, mwanga. Inua mfuko kuelekea jua. Ukiona vidole vyako upande wa pili, watoto wengine pia wataona vitu vya binti yako. Mimi jaribio hili sikuwa nalo zamani. Nimelipata kwa yule mtoto.

La sita, harufu. Mfuko wa salaula wenye harufu ya uvundo umelala na maji. Unaweza kufuliwa na kuanikwa juani, lakini ukiona madoa meusi ya ukungu yameingia ndani ya kitambaa, acha.

Juu ya bei nitasema neno moja. Usilinganishe bei ya mfuko na bei ya mfuko mwingine. Gawa bei kwa miezi utakayoutumia. Mfuko wa bei ya chini unaokufa baada ya miezi miwili, mtoto atahitaji mitano kwa mwaka mmoja wa masomo. Ule wa bei mara mbili unaomaliza mwaka mzima ndio rahisi. Iwe unalipa franka au kwacha, hesabu ni ileile.

Na ile sakoshi ya plastiki?

Mwisho wa mwaka 2017 serikali yetu ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki. Wote tunaona bado inazunguka. Mimi sitamhukumu mama ambaye hana kitu kingine. Lakini sakoshi inapasuka, jasho linabaki ndani, nguo zinanuka, na ikiwa nyeupe haifichi kitu. Ikilazimu, tafuta hata mfuko wa kitenge wa kufunga fundo. Kitenge kinafunika, plastiki inaonyesha.

Kushona kwa mguu wa jini

Huu ndio mfuko tulioutengeneza na mama wa yule binti, jioni ile kwenye baraza. Unahitaji pantaloni moja ya jini ya mtu mkubwa iliyochakaa magotini, uzi wenye nguvu, sindano nene, na kamba mbili za mita 1 na sentimita 70 kila moja. Ukiwa na mashini ni kazi ya saa moja. Kwa mkono ni jioni mbili.

Kata mguu wa jini sehemu ya paja, mahali penye upana wa sentimita 30 hivi ukiulaza. Urefu uwe sentimita 50. Umekwisha kupata bomba lenye mishono miwili ya kiwandani pembeni, nayo ni imara kuliko ya kwetu.

Geuza nje ndani. Tengeneza masikio mawili madogo kwa vipande vya jini, urefu wa kidole. Yakunje mara mbili, uyaweke kwenye kona mbili za chini, pete ya sikio ikiangalia ndani ya mfuko na ncha zake zikitoka kwenye ukingo. Shona chini yote, mara mbili, ukipita juu ya ncha hizo. Ukigeuza mfuko, masikio yatatokea nje.

Juu, fungua mishono ya pembeni sentimita 8 kila upande, na kunja kingo zake zisichanike. Halafu kunja mdomo wa mfuko kwa nje au ndani, sentimita 4, na ushone chini ya mkunjo, upande wa mbele na wa nyuma. Sasa una njia mbili za kamba. Kamba ya kwanza inaingia upande wa kushoto, inapita mbele, inarudi nyuma na kutoka palepale kushoto. Ncha zake mbili zifunge kwenye sikio la kushoto. Kamba ya pili ifanye vivyo hivyo upande wa kulia. Ukivuta, mdomo unafunga, na kamba zinakuwa mikanda ya mgongoni.

Ndani, shona kifuko cha siri. Kata kitenge chenye upana wa sentimita 22 na urefu wa 42. Kunja kingo kidogo, kisha kunja sentimita 15 kuelekea juu ziwe mfuko, 15 ziwe mgongo, na zinazobaki ziwe mlango wa kufunika. Weka kifungo. Kishikize ndani ya jini, sentimita chache chini ya mdomo, mahali mkono wa mtoto unafika bila yeye kuangalia.

Kwa wale wanaokaa karibu na barabara ya malori, ongeza nje kipande cha kitambaa cheupe au cha manjano. Asubuhi mapema ya mvua, dereva anaona rangi hiyo kabla hajaona mtoto. Na jina la mtoto liandike ndani, si nje, ili mgeni asimwite kwa jina kama anamjua.

Kile kifuko kidogo

Binti ajue namna ya kukitumia, na anayemfundisha ni mama, shangazi au dada mkubwa, si njia. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Iliyotumika ifungwe katika karatasi au kifuko chake peke yake, isichanganywe na safi. Vitambaa vya hedhi vifuliwe kwa maji safi ya baridi na sabuni, vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Najua wengi wetu tunavificha chini ya kitanda au nyuma ya nyumba. Kitambaa kisichokauka kinazaa ugonjwa. Ukiona haya, kianike kwenye jua na uweke kitenge chepesi juu yake.

Wenzetu wa Kenya waliondoa ushuru wa pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 wakapitisha sheria ya kuwapa wasichana wa shule pedi bila malipo. Kwetu, tangu mwezi wa tisa mwaka 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bila malipo, na tunashukuru. Lakini sindano na kitenge cha kushona kifuko kiko mkononi mwetu, na hatuhitaji kungoja sheria.

Wavulana pia muwaambie. Kijana wa miaka 12 anayecheka vitambaa vya mwenzake, mara nyingi hakuna mtu aliyemweleza kwamba mama yake na dada yake wanapitia hayo kila mwezi. Maneno matano ya baba jioni yanatosha. Mimi darasani sasa ninayasema mwanzoni mwa mwaka, na nimeweka sheria moja: mfuko wa mtu haufunguliwi na mtu mwingine.

Kuutunza

Akifika nyumbani, mtoto mwenyewe aumwage mfuko. Asilale nao umefungwa. Nguo za jasho ziende kwenye beseni, viatu vipigwe kimoja kwa kingine nje, mfuko ugeuzwe na kuanikwa. Fua mfuko mara moja kwa majuma mawili, na siku za mvua kila juma. Zipu ikiwa ngumu, ipake kipande cha mshumaa au sabuni kavu, itateleza. Uzi mmoja ukifunguka, shona siku hiyo. Mshono mdogo wa leo unazuia tundu la kesho.

Na wewe mama unayetembea au kukimbia Jumapili asubuhi, mambo ni yaleyale: viatu mbali na nguo, siri mahali pake, mikanda miwili. Hata mguu wa pili wa ile jini bado upo.

Alhamisi iliyofuata

Mtafurahi kujua yaliyompata yule binti. Alhamisi iliyofuata alikuja na mfuko wa jini mgongoni, kamba za kitenge cha kijani. Aliutundika kwenye msumari darasani pamoja na ya wengine, akatoka. Hakuna mtu aliyeutazama mara mbili, na hilo ndilo tulilolitaka. Uwanjani alisimama mwanzoni mwa mstari wa nzango. Mguu wake wa kwanza ulishinda, wa pili ukashinda, na vumbi likapanda. Nilikuwa na filimbi mdomoni, lakini nilisahau kuipiga.

Basi nina ombi kwa chama chetu. Kwenye mkutano wetu ujao kila mama alete kitu kimoja: jini iliyochakaa, kipande cha kitenge, saki tupu la unga, kifungo, au uzi. Wenye mashini watuazime saa mbili. Tukishona vizuri, kila binti wa mwaka wa tano na wa sita tunayemjua atakuwa na mfuko kabla ya mvua. Mimi nitaleta sindano zangu, na mama wa yule binti amekubali kuja kutuonyesha kushona masikio. Anayashona vizuri kuniliko.

Mwalimu wenu.